Nazi Isiyo na Mnazi

Mnazi ni mti wa pwani. Hupenda joto, mchanga na upepo wa bahari. Kitale, mji ulio chini ya mlima Elgon, umepita mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Huko mnazi hauna makao, na baridi ya Julai si rafiki yake. Bungoma nako, ijapokuwa ni chini kidogo na joto lake limezidi la Kitale, mashamba yake ni ya miwa, mahindi, wimbi na maharagwe. Lakini msafiri aingiaye jioni katika baa za miji hii miwili huweza kukutana na harufu ya nazi. Haitoki jikoni katika wali wa tui, wala haitoki katika kapu la mchuuzi wa madafu. Yatoka katika chupa ya pombe.

Nataka kuishtaki chupa hiyo. Siushtaki mnazi, mti mtukufu ambao watu wa pwani hawakitupi chake chochote: maji ya dafu hunywewa, nazi hukunwa, tui huungwa mchuzi, makuti huezeka nyumba, makumbi husokotwa kamba, na kifuu hufanywa upawa. Wala siushtaki muwa, ambao umewalipia karo watoto wengi wa Bungoma. Shtaka langu ni juu ya hila moja: kuchukua kileo kikali, kukivika harufu ya chakula cha nyumbani, na kukiweka mbele ya kijana ambaye ulimi wake haujajifunza kuonya. Nasema kuwa hila hiyo ni uongo. Na watu wanaoona haya kusema uongo kwa maneno hawafai kuuvumilia uongo unaosemwa kwa ladha.

Hakimu mwema humjua mshtakiwa kabla ya kumhukumu. Basi na tuijue ramu. Ramu ni pombe kali itokanayo na miwa. Miwa ikikamuliwa kiwandani, maji yake huchemshwa hata sukari ikaganda. Kinachobaki ni uji mzito, mweusi na mtamu uitwao molasi. Molasi ikitiwa maji na hamira huchachuka. Kisha hukenekwa, yaani huchemshwa hata mvuke ukapanda, ukanaswa na kupozwa, ukawa kileo kikali. Ramu ya kawaida huuzwa ikiwa na kileo cha asilimia 40 hivi. Ikipunguzwa makali, ikatiwa sukari na ladha ya nazi, huwa ile ramu tamu tunayoizungumzia. Iliyo mashuhuri duniani ni Malibu, ambayo kwa miaka mingi imeuzwa ikiwa na kileo cha asilimia 21. Hapa nchini, Kenya Cane, pombe kali ya miwa, imetolewa pia kwa ladha ya nazi.

Ramu hiyo aghalabu hainywewi peke yake. Mwuza baa huichanganya na maji ya matunda, barafu, na mara nyingi pombe nyingine, akafanya kinywaji kiitwacho kokteli. Kokteli ya nazi iliyo maarufu kuliko zote ni piña colada, mchanganyiko wa ramu, tui zito lenye sukari na maji ya nanasi; kisiwa cha Puerto Rico kilikitangaza mwaka 1978 kuwa kinywaji chake rasmi. Kutoka huko mtindo umeenea katika hoteli za dunia nzima, ukashuka Mombasa, ukapanda Nairobi, na sasa umefika magharibi ya Kenya, katika bilauri ndefu yenye kipande cha nanasi ukingoni.

Sasa na tufanye hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Chupa ya bia ya Tusker yenye mililita 500 ina kileo cha asilimia 4.2, kwa hiyo ndani yake mna mililita 21 za kileo kitupu. Chukua kokteli iliyofanywa kwa mililita 50 za ramu ya nazi ya asilimia 21 na mililita 50 za ramu nyeupe ya asilimia 40. Ya kwanza ina mililita 10.5 za kileo, ya pili ina 20. Jumla ni 30.5. Kijana aliyekunywa bilauri moja ya maji ya nanasi yanayonukia nazi amekunywa kileo cha karibu chupa moja na nusu ya bia. Akinywa bilauri tatu amepita chupa nne. Bia chupa nne humjaza mtu tumbo na kumchosha. Uchungu wake humwambia katika kila funda kuwa anakunywa pombe. Bilauri tatu za kokteli hushuka kama sharubati, na mnywaji huyapata matokeo baada ya kuisahau sababu.

Maumbile yameuweka ulimi kuwa bawabu wa mwili. Kilicho kichungu hukisimamisha mlangoni na kukiuliza habari zake. Kilicho kitamu hukiruhusu kupita, kwa kuwa tangu utotoni utamu umekuwa ishara ya maziwa, matunda na asali. Uchungu na mwasho wa kileo kikali ndiyo maswali ya bawabu huyo. Anayetia sukari na harufu ya nazi katika ramu hapunguzi hatari ya kileo kilichomo hata kwa tone moja. Anachofanya ni kumhonga bawabu. Kileo kilichoingia kwa hongo hufanya kazi ile ile katika ini, katika damu na katika ubongo kama kilichoingia kwa nguvu.

Wahenga walisema kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Walimlaumu kwa haki, maana alimpunja mnunuzi. Lakini mgema wa zamani alitia maji, na mgema wa leo hutia sukari. Maji hupunguza makali ya pombe, sukari huyaficha. Ukinipa nichague baina ya wezi hawa wawili, nitamchagua wa kwanza.

Tazama jinsi pombe za wazee wetu zilivyojitangaza zenyewe. Kule Kilifi na Kwale mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni akiwa na kotama yake, akakata karara na kukinga maji yake. Likiwa jipya tembo ni tamu na dhaifu. Kadiri saa zipitavyo huzidi ukali na uchachu, hata likawa siki. Ladha yake na nguvu yake hutembea pamoja kama mtu na kivuli chake, na mnywaji huijua moja kwa kuionja nyingine. Kadhalika busaa ya Bungoma. Unga wa mahindi hukandwa na kuvundikwa kwa siku kadhaa, hukaangwa juu ya bati, kisha hutiwa maji na kimea cha wimbi, ukaachwa uchachuke. Wazee hukizunguka chungu kimoja na kuinywa kwa mirija mirefu. Ni nzito kama uji, ni chachu, na hakuna aliyewahi kuidhania kuwa sharubati. Tena ilikuwa na mahali pake na wakati wake: matanga, mavuno, kazi ya ujima, na tohara ya Wabukusu katika Agosti ya kila mwaka ulio shufwa. Mzee alijua nani ameketi karibu naye na mrija wake uko wapi.

Sisemi haya ili kuusifu ulevi wa zamani. Busaa iliwaharibu watu, na tembo liliwafilisi watu. Tena kutokana na busaa hiyo hiyo wapishi walikeneka chang'aa, ambayo imevunja nyumba nyingi kuliko upepo. Ninachosema ni kuwa kinywaji kisichojificha humpa mtu nafasi ya kujihukumu, na chenye kujificha humnyang'anya nafasi hiyo. Katika jambo la pombe hakuna wizi ulio mkubwa kuliko huo.

Kuna udanganyifu wa pili, nao ni wa jina. Neno nazi humkumbusha mtu shamba, jikoni na mama. Lakini harufu ya nazi haihitaji nazi. Wanakemia wanaijua dutu iitwayo gama-nonalaktoni, ambayo hutumika kutia ladha ya nazi katika peremende, biskuti na vinywaji. Tone lake hutosha kuleta pwani nzima puani. Sisemi kuwa kila kiwanda hufanya hivyo. Nasema kuwa picha ya mnazi juu ya karatasi ya chupa haimthibitishii mnunuzi kuwa kuna mkulima wa Msambweni aliyeuza nazi zake hapo. Tui la pili, lililokamuliwa katika chicha, lina haki zaidi ya kuitwa nazi kuliko harufu iliyotoka maabarani.

Najua kuwa shtaka langu lina wapinzani, nao hawakosi maneno. Na tuwasikilize kwa adabu, kisha tuwajibu.

Wa kwanza husema kuwa ramu ya nazi ni kinywaji chepesi, kinachowafaa wanaoanza na wasiopenda ukali. Jibu langu ni hesabu niliyoifanya hapo juu. Chepesi ni ladha. Kileo si chepesi. Na hili neno la wanaoanza ndilo linaloniogofya. Kwa nini mtu aandaliwe daraja la sukari ili avuke kwenda katika ulevi? Atengenezaye daraja anajua ng'ambo ya pili kuna nini, naye ana duka huko.

Wa pili husema: heri chupa ya kiwandani, yenye stempu ya ushuru, kuliko chang'aa ya kichochoroni. Hoja hii ina nguvu, na siwezi kuidharau. Novemba 2000 pombe iliyotiwa methanoli iliua zaidi ya watu 100 katika mitaa ya maskini ya Nairobi. Mei 2014 makumi ya watu walikufa kwa pombe ya sumu katika Embu, Kitui na kwingineko. Februari 2024 msiba kama huo uliingia Kirinyaga. Hapana shaka kuwa kiwanda kinachokaguliwa kimeushinda mtungi usiojulikana. Lakini angalia hoja yenyewe inavyokwenda: inasema kuwa moto wa jikoni si mbaya kwa kuwa moto wa porini ni mbaya zaidi. Aliyeponea methanoli hakuponea ajali ya pikipiki usiku katika barabara ya Kitale kwenda Webuye, wala hakuponea mkono usio wa heshima uliomvizia alipokuwa hajitambui. Tena utamu wenyewe huwafaa waghushi, maana sukari na harufu vinavyoficha ramu njema huficha pia pombe mbovu.

Wa tatu husema juu ya uchumi. Husema kuwa pombe ya miwa humpa riziki mkulima, hulipa ushuru, na huwaajiri vijana katika hoteli. Bungoma ni mahali pazuri pa kuipima hoja hii. Kiwanda cha sukari cha Nzoia kilianzishwa mwaka 1975, na kikaanza kusaga miwa mwaka 1978. Muhoroni kiko kiwanda kingine kigeuzacho molasi kuwa kileo. Ikiwa pombe ya miwa ndiyo neema ya mkulima, yafaa neema hiyo ionekane nyumbani mwake. Lakini historia ya mkulima wa Nzoia ni historia ya kungojea: kungojea miwa ikatwe, kungojea trekta, kungojea malipo yaliyochelewa miezi na hata miaka. Fedha ya kokteli moja hugawanywa kwa mwenye baa, mwenye kiwanda, mwenye tangazo na serikali. Aliyepanda muwa huwa nyuma ya wote, na aliyepanda mnazi pengine hayumo kabisa. Mtu asijifiche nyuma ya jembe ambalo hajalilipia.

Wa nne ni kijana mwenyewe, naye husema: huu ndio ustaarabu, babu zetu walikatazwa, sisi tu huru. Ni kweli babu walikatazwa. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na katika Kenya ya kikoloni Mwafrika hakuruhusiwa kununua pombe kali za Kizungu hadi katika miaka ya 1950. Katazo hilo lilichanganyika na dharau, maana Mzungu aliyeliandika alikunywa jioni ile ile. Lakini kitu kilichokatazwa kwa dharau hakigeuki kuwa heshima siku kiruhusiwapo. Tena ramu ina nasaba yake. Ilikua katika visiwa vya Karibi katika karne ya 17, kwenye mashamba ya miwa yaliyolimwa na Waafrika waliouzwa utumwani. Na kwa muda mrefu mapipa ya ramu yalirudishwa pwani ya Afrika Magharibi, yakawa sehemu ya bei ya kununulia watumwa wengine. Mjukuu wa Afrika anayeiinua bilauri hiyo kama bendera ya uhuru wake angeisoma kwanza historia ya bendera yenyewe.

Je, sheria yasemaje? Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 iliiondoa ile sheria ya kale iliyopiga chang'aa marufuku, ikataka pombe zote zitengenezwe na kuuzwa kwa leseni. Ilikataza kumwuzia pombe mtu aliye chini ya miaka 18, ikaamuru maonyo yaandikwe juu ya chupa, na ikataka baa zikae mbali na shule. Mwaka 2025 sera mpya ya taifa ilipendekeza umri huo upandishwe hadi miaka 21. Haya yote ni mema, lakini yote huulinda mlango wa baa; ulimi haujapewa askari. Sheria inauliza mnywaji ana umri gani, wala haiulizi kwa nini kinywaji cha watu wazima kina ladha ya peremende za watoto.

Kwa hiyo nadai mambo matatu, na sioni hata moja lililo zito. Kwanza, kiasi cha kileo kiandikwe mbele ya chupa kwa tarakimu kubwa na kwa Kiswahili, mahali ambapo sasa pamechorwa mnazi. Pili, orodha ya kokteli katika baa na hoteli itaje pombe zilizomo na kipimo cha kila moja, kama vile duka la dawa litajavyo vidonge. Tatu, kinywaji kisicho na nazi kisivae picha ya nazi. Mfanya biashara mwaminifu hapotezi kitu kwa madai haya. Atakayelia ni yule ambaye faida yake ilitokana na kutojua kwa mnunuzi, na machozi ya huyo hayafai kutuzuia. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Nanyi vijana wa sekondari, maneno ya mwisho ni yenu, kwa sababu chupa hii imewalenga ninyi kuliko mtu mwingine yeyote. Mzee aliyezoea pombe yake haihitaji harufu ya nazi. Anayeihitaji ni yule ambaye hajaanza. Itawajia jioni ya kumaliza mtihani, au Desemba katika arusi ya jamaa, na mkono utakaoileta hautakuwa wa adui, utakuwa wa rafiki, pengine wa binamu aliyerudi kutoka Nairobi, naye atasema, "Onja, hii si pombe hasa." Hapo mkumbuke kuwa wataalamu wa tiba wamesema ubongo wa mtu huendelea kukua hata baada ya miaka 20, na kuwa kileo huudhuru zaidi ungali unajengwa. Mkumbuke pia maswali ambayo bawabu aliyehongwa hakuyauliza: Ndani mna nini? Kiasi gani? Nani anafaidika nikinywa? Na nani atanifikisha nyumbani?

Atakayejibu swali la kwanza kwa kucheka tu, amekwisha kuwajibu yote manne. Mrudishieni bilauri yake kwa heshima. Mtu mwenye hamu ya nazi na asafiri hadi Kilifi, aangushiwe dafu, alipasue, anywe maji yake juani. Au anunue nazi sokoni Kitale, aikune kwa mbuzi, akamue tui na kuunga maharagwe ya mama yake. Huko ladha na kitu chenyewe havijaachana. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na uzuri wa chupa hii, ndani makali ya muwa yaliyovaa kanzu ya mnazi.